Duara la Vumbi

Mwezi uliopita tulimzika Mama Chebet nyumbani kwake Boito. Mzee wa kanisa aliyesoma wasifu wake alitua katikati ya ukurasa wa pili ili watu wasikie vizuri. Alisema marehemu alikuwa mjane wa Profesa Koech, mwana wa hapa hapa, mtu aliyeona alama ya mwanzo wa ulimwengu kabla ya wazungu kuiona. Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa kwenye hema la nyuma, kiti changu cha plastiki kikizama mguu mmoja matopeni, nikaangalia mikono yangu. Alama ile haikuwepo. Profesa mwenyewe alijua haikuwepo, alikufa akijua, na aliyemwambia ni mimi. Mjane wake naye alijua. Lakini jambo likishaingia kwenye wasifu wa mazishi halitoki tena, na siku ya kumzika mtu si siku ya kusimama kumsahihisha mzee wa kanisa. Nilitupia udongo wangu, nikanawa mikono, nikaondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo mwaka ule umenirudia wote, chumba kwa chumba, sahani kwa sahani.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sitapoteza kurasa kueleza nilizaliwa wapi na nani. Inatosha kusema mimi ni Mkisii niliyekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, na kwamba nilikuwa nimebakisha tasnifu tu nipate shahada ya pili ya fizikia. Prof, kama sote tulivyomwita, ndiye aliyekuwa msimamizi wangu chuoni Nairobi. Figo zake zilipokataa kazi alirudi Boito, kwa sababu mke wake na binti yao Chebet walikuwa huko, na kwa sababu mji wa Kericho, ambako angesafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, haukuwa mbali mno kwa mwili wake. Alinipigia simu mwezi wa kwanza. "Moraa, si wewe ni mtu wa huku? Kuja ukae kwetu tumalize hii kazi. Mimi sina wakati mingi, na wewe huna mahali pa kukaa Nairobi." Yote mawili yalikuwa kweli. Nikafunga mizigo yangu, kompyuta nikaifunga ndani ya blanketi, nikaenda.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya mahindi hadi wiki moja kabla sijafika. Fukusi walikuwa bado wanatambaa kwenye nyufa za mbao, na harufu ya vumbi la mahindi haikutoka mwaka mzima. Kulikuwa na meza mbili, kitanda changu nyuma ya pazia, na dirisha lililotazama majani ya chai yakishuka hadi mtoni na kupanda tena upande wa pili hadi kiwandani. Ukutani Prof alikuwa amebandika ramani ya anga nzima, yenye umbo la yai lililolazwa, na katikati yake mkanda mwekundu mnene. Mkanda ule ndio galaksi yetu. Sisi tulitaka kila kitu kilichokuwa kwenye ile ramani isipokuwa huo mkanda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyuma ya nyota zote kuna mwanga wa kale kuliko wowote, uliotoka wakati ulimwengu ulikuwa mchanga na wa moto, kabla nyota ya kwanza haijawaka. Leo umepoa kiasi kwamba jicho haliuoni. Unapimwa kwa vyombo vinavyonasa mawimbi mafupi ya redio, na unatufikia kutoka pande zote za anga. Joto lake linatofautiana kidogo mno kutoka mahali hadi mahali, na ndani ya tofauti hizo ndimo mlimo habari za jinsi kila kitu kilivyoanza. Shida ni kwamba tunautazama tukiwa ndani ya galaksi, na galaksi nayo inang'aa. Vumbi lililotapakaa kati ya nyota linang'aa, elektroni zinazozungushwa na usumaku zinang'aa, gesi ya moto inang'aa, na setilaiti hupima yote kwa pamoja bila kubagua. Ila kila kimoja kina tabia yake. Vumbi huzidi masafa, yaani mitetemo ya mawimbi kwa sekunde, yanapopanda, elektroni huzidi yanaposhuka, na ule mwanga wa kale, ukiupima kwa kipimo cha joto, hubaki vilevile kwenye masafa yote. Kwa hiyo unachukua ramani za masafa mbalimbali, unazijumlisha na kuzitoa kwa uzito uliochaguliwa vizuri, hadi ya galaksi yafutane na ya kale yabaki. Data zilikuwa wazi kwa mtu yeyote duniani mwenye bando na subira. Bando letu lilikuwa dogo, na stima ilipotea kila mvua iliponyesha, yaani karibu kila alasiri. Subira tulikuwa nayo.

Mama Chebet alitaka kuelewa. Wakati wa chakula cha mchana alitukalisha jikoni, mimi nikiwa na ugali na mboga na maziwa, Prof akiwa na sahani yake ya mgonjwa: kabeji iliyochemshwa mara mbili na maji yake kumwagwa, wali kidogo, chumvi hakuna. Chai alipimiwa nusu kikombe asubuhi, basi. Mtu aliyezaliwa kati ya majani ya chai alikuwa anainusa kutoka kiwandani siku nzima bila ruhusa ya kuinywa. Siku moja mama aliuliza, "Sasa kwa hiyo kalaksi yenu, mnatoa nini na mnabakisha nini?"

Prof aliweka kijiko chini. "Ukisimama pale geti ya kiwanda, mashine zinanguruma, na kuna mtu anakuita kutoka ng'ambo ya mto. Utamsikia aje?"

"Nitamwambia anipigie simu."

"Hana simu. Huyo mtu alikufa zamani."

Mama akacheka, akafunika mdomo. Prof akaendelea: "Lazima ujue ngurumo ya mashine vizuri kabisa, ndio uitoe kwa kichwa yako. Ile itabaki ndio sauti yake."

"Na ukiitoa vibaya?"

"Basi utasikia jina lako, na hakuna mtu amekuita."

Alisema hivyo mwezi wa pili, kwa mdomo wake mwenyewe. Wiki mbili baadaye tuliona duara. Lilikuwa hafifu, upande wa kusini wa ramani iliyosafishwa, mbali na ule mkanda mwekundu, mahali ambapo wengi huamini anga ni safi. Prof alilizungushia kalamu kwenye kioo cha kompyuta yangu, na wino ule haukutoka kamwe. Kulikuwa na nadharia, na bado ziko, zinazosema matukio ya mwanzoni kabisa yangeweza kuacha alama za duara kwenye mwanga wa kale. Hakuna aliyekuwa ameziona. Siku hiyo Prof alitembea peke yake hadi kwenye boma la ng'ombe na kurudi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nifike, na mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi akimtazama kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi.

Habari zilienea. Wageni walianza kuja baada ya ibada, wakakalishwa sebuleni, na mimi nikiwa stoo niliwasikia kupitia ukuta wa mbao. Pasta alitaka kujua kama lile duara lilikuwa mkono wa Mungu. "Sijasema hivyo," Prof alijibu, lakini sauti yake ilikuwa na tabasamu. Jirani mmoja aliuliza kwa nini msaidizi ni msichana wa Kisii, kwani watoto wetu wa hapa hawajasoma? Mama Chebet akamjibu, "Wako wamesoma nini? Huyu ndiye anajua hiyo kitu." Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi. Alinitetea ndani ya nyumba yake, na mimi nilikuwa naitafuta njia ya kuivunja ile furaha, ingawa wakati huo sikujua.

Mwezi wa tano ndipo nilipojua. Ili kuliondoa vumbi, tulikuwa tumechukulia kwamba lina joto moja anga nzima. Kila mtu hufanya hivyo mwanzoni, maana hurahisisha hesabu. Alasiri moja mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati hadi huwezi kusikia mtu akiongea, betri ya kompyuta ilikuwa imebaki robo, nikajaribu kuigawa anga vipandevipande na kuacha kila kipande kiwe na joto lake la vumbi. Ramani ilipotokea, duara lilikuwa limepungua. Nikagawa vipande vidogo zaidi. Likaisha. Nilikaa nikitazama mahali palipokuwa na duara, chini ya alama ya wino wa Prof, na hapakuwa na kitu. Kwa wiki mbili nilirudia kwa njia nyingine, nikitumaini nimekosea. Mwisho nilipakua ramani ya gesi ya haidrojeni ya galaksi yetu, ambayo haihusiani kabisa na mwanga wa kale, na pale pale, kwa ukubwa ule ule, palikuwa na duara. Lilikuwa ganda la nyota iliyolipuka zamani karibu nasi, ikisukuma gesi na vumbi pande zote, na vumbi lake lilikuwa na joto tofauti kidogo na la jirani zake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoponyoka usafishaji wetu.

Kosa langu la kwanza ni kwamba nilimwambia Mama Chebet kabla ya kumwambia Prof. Nilidhani angenifaa kwa ushauri. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni akichambua majani ya mboga, na Prof alikuwa amelala baada ya kutoka Kericho. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Hiyo kitu haiko kabisa?"

"Iko, Mama, lakini ni vumbi. Ni ya hapa karibu."

"Na wewe una hakika."

"Nina hakika."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema polepole, "Moraa, wewe umeona vile anarudi kutoka kwa hiyo mashine. Umeona miguu yake. Daktari aliniambia moyo pia imechoka. Mzee ako na nini ingine? Si ni hiyo tu inamwamsha asubuhi?" Akaniangalia. "Usimwambie. Mwache aende na hiyo."

Nilisema sawa. Leo nikiwaambia wanafunzi wangu kisa hiki huwa wanatarajia niseme nilipigana na dhamiri yangu usiku na mchana. Sikupigana. Nilifarijika. Mtu mzima alikuwa amenipa ruhusa ya kunyamaza, nami nikaichukua haraka kama mtoto anayepewa ruhusa ya kutoka darasani. Prof aliandika makala yake mwezi wa sita, kidole kwa kidole, akipumzika kila aya. Jina langu lilikuwa la pili. Niliisoma yote, nikasahihisha koma na marejeleo, nikamrudishia. Mwezi wa saba akaipeleka kwa jarida moja la ng'ambo, na mama akachinja kuku ambaye Prof hakuruhusiwa kula zaidi ya kipande kimoja. Nilikula. Nakumbuka nilipewa filigisi, ambayo kwa kawaida hapewi mwanamke, na Prof akasema, "Leo ni yake, amefanya kazi ya wanaume watatu."

Majibu ya jarida yalikuja mwezi wa tisa. Prof aliyasoma akiwa amejifunika blanketi mabegani, mimi nikiwa kwenye meza ya pili. Mhakiki, ambaye hatukumjua jina, alikuwa amesifu kazi kisha akauliza swali moja. Prof alilisoma kwa sauti: je, waandishi wamejaribu kuruhusu joto la vumbi libadilike kutoka sehemu moja ya anga hadi nyingine?

"Moraa, hii tulijaribu?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniambia nijaribu, ningesema nimejaribu na duara limebaki, na kwa jinsi alivyokuwa hangekuwa na nguvu ya kunikagua. Nilikuwa na sentensi hiyo tayari mdomoni. Lakini aliuliza kwa uaminifu mno, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa.

"Nilijaribu, Prof."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na?"

"Inapotea."

Aliomba aone. Nilimfungulia ramani moja baada ya nyingine, na ile ya haidrojeni mwisho, na alipoiona alitoa sauti ndogo ya pumzi, karibu kicheko. "Nyota," alisema. "Ni nyota imelipuka. Nzuri sana." Kwa muda nilidhani yameisha hapo. Kisha nikaona anahesabu kwa vidole. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa.

"Nani mwingine anajua?"

Macho yangu yalikwenda upande wa jikoni kabla sijayazuia. Aliyafuata. Mama alikuwa anaimba polepole huko, akiosha vikombe.

"Kwa hivyo nyinyi wawili," Prof alisema, "mlikuwa mmeshanizika."

Hakupaza sauti. Nimeshawahi kufokewa na wakubwa wengi maishani, na hakuna aliyenifikia kama yeye siku hiyo. Kukosea hakukumsumbua, mtu wa sayansi hukosea kila wiki. Kilichomuuma ni kwamba kwa miezi minne watu wawili aliowaamini walimtazama kama maiti anayestahili kufurahishwa.

Siku ile ile aliiondoa makala. Barua aliiandika mwenyewe, mistari minne, akikubali kosa bila kunitaja. Kisha akaanza makala nyingine: duara ni nini, limetokana na nini, na watu wanaosafisha ramani wafanyeje ili lisiwadanganye kama lilivyomdanganya yeye. Ilikuwa kazi bora kuliko ile ya kwanza. Lakini mwezi wa tano alikuwa anaweza kukaa mezani kwa muda wa saa nne, na sasa hakuweza hata saa moja. Mkono ulikuwa umevimba, akawa ananisomea nami nachapa. Kwa mama hakuongea zaidi ya salamu. Wakati wa chakula tulisikia vijiko tu. Chebet, aliyekuwa kidato cha pili, alinong'ona akiniuliza baba amekasirishwa na nani, nikamwambia na mimi.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi gari la kumpeleka Kericho lilipofika, Prof alimwambia dereva arudi bila yeye. "Tumebakisha sehemu ya mwisho," aliniambia. "Jumanne si mbali." Mama alikuwa ameenda kuchuna chai upande wa mtoni na hakujua. Mimi nilijua. Nilijua kukosa siku moja ni hatari, nilikuwa nimeambiwa na wauguzi wenyewe. Ningeweza kumkimbilia mama; ningeweza kusimama mbele ya gari. Lakini nilikuwa na aibu ya kumwamulia tena jambo lake, na nilitaka pia ile makala iishe. Nikakaa, nikaendelea kuchapa. Mama aliporudi akauliza mbona mzee yuko nyumbani mapema, Prof akajibu kwamba hospitalini wamemaliza haraka, nami nikainamia kompyuta.

Jumapili asubuhi, mama na Chebet wakiwa kanisani, pumzi ilianza kumpotea katikati ya sentensi. Alinionyesha kwa kidole nisiache kuchapa. Niliacha. Nilikimbia kwa jirani mwenye pikapu, tukamlaza nyuma juu ya magunia ya kubebea majani, na barabara ilikuwa tope tupu kwa mvua ya jana yake. Alifia mikononi mwangu kabla hatujafika kwenye lami.

Mama Chebet alipojua habari ya Ijumaa, hakulia mbele yangu. Alikuja stoo, akasimama mlangoni, akasema, "Nilikuambia umwache. Ungemwacha, angekuwa anaenda hospitali kila siku yake akiwa na furaha. Wewe na ukweli wako." Nilitaka kumwambia kwamba mimi nahesabu kinyume, kwamba tungemwambia mwezi wa tano angeandika kila kitu akiwa na nguvu zake, na hangekuwa na haja ya kuiba Ijumaa. Sikusema, na sijui hadi leo nani kati yetu alikuwa na haki. Labda moyo ule ungesimama hata hivyo, kama daktari alivyosema. Siku ya mazishi nilikaa na majirani. Kesho yake nikabeba vitu vyangu.

Nilimalizia makala kwa kutumia alichonisomea, jina lake kwanza, langu la pili, na ilichapishwa mwaka uliofuata. Haikupata sifa. Ni kurasa chache, na watu wanaosafisha ramani za anga huitaja wanapofunika kile kipande cha kusini ili kisiharibu hesabu zao. Niliichapa kwenye karatasi nzuri, nikaenda nayo Boito. Nilimkuta Mama Chebet kwenye kituo cha kupimia majani, kwenye foleni ya kina mama, gunia lake miguuni, mvua ikinyunya. Hakushangaa kuniona. Alifuta mikono kwenye leso, akapokea karatasi, akatafuta jina kwa kidole hadi akalipata.

"Hii ni yake?"

"Ni yake, Mama."

"Ni ile ya kwanza ama ni ile ingine?"

Hata hapo ningeweza kumdanganya. "Ni ile ingine."

Aliitazama kidogo zaidi, matone yakiangukia juu yake, kisha akanirudishia mkononi akiwa ameikunja vizuri katikati. "Hiyo ndiyo ilimmaliza," alisema. "Enda nayo." Karani wa mizani akamwita, na Mama Chebet akainama, akainua gunia lake mwenyewe, na ingawa lilikuwa zito, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, sikuthubutu kumshikia.